Je, wajua kwa nini darasa lenye dirisha bovu linaweza kuwa salama kuliko lenye kiyoyozi?

Katikati ya mwaka 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa ajili ya Korona, huko Mwea nchini Kenya, shule moja binafsi ililea kuku madarasani. Madawati yalitolewa, kuku wakaingia, na uwanja wa michezo ukalimwa mboga. Hakukuwa na karo, wala mwanafunzi, na mwenye shule alikuwa na tumbo kama watu wengine.

Wengi tunakumbuka tarehe zile. Kenya ilifunga shule katikati ya Machi 2020, ikaanza kuzifungua tarehe 12 Oktoba kwa darasa la nne, la nane na kidato cha nne, kisha ikafungulia wote tarehe 4 Januari 2021. Tanzania ilifunga tarehe 17 Machi, ikarudisha wa kidato cha sita na vyuo tarehe 1 Juni, na waliobaki tarehe 29 Juni. Uganda ilifungua kidogo, ikafunga tena, na haikufungulia watoto wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga kwa muda mrefu hivyo.

Siku ya kurudi ilipokaribia, mwalimu mkuu wa shule ndogo, ile yenye walimu wanne na choo cha mashimo mawili, aliulizwa swali moja tu na wazazi: mmejiandaaje? Na kwa kawaida alionyesha vitu vinavyoonekana: ndoo za maji, kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, na bwana mwenye bomba mgongoni anayepuliza dawa kwenye kuta na madawati. Wazazi waliliona lile bomba wakatulia roho.

Bomba lenyewe halikuwa na kazi kubwa. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba kumpulizia mtu dawa, hata ndani ya kile kibanda cha kuwapulizia wanaopita, hakupendekezwi kwa hali yoyote ile. Aprili 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kikakadiria kwamba kwa kawaida uwezekano wa kupata Korona kwa kugusa sehemu yenye virusi ni chini ya mara 1 katika 10,000. Yaani dawati lilikuwa likisingiziwa. Mshtakiwa halisi alikuwa hewa.

Ukitaka kuelewa hewa inavyobeba ugonjwa, fikiria ubani. Ukichoma ubani chumbani na mlango umefungwa, aliye karibu na chetezo ananukia kwanza. Baada ya dakika chache, hata aliyekaa pembeni kabisa ananukia. Chetezo kikitolewa nje, harufu inabaki. Fungua madirisha mawili yanayotazamana, na baada ya muda mfupi mgeni akiingia hatajua kama mlifukiza. Pumzi ya mgonjwa wa Korona, kifua kikuu au surua huenda hivyo hivyo. Zipo chembe kubwa zinazoanguka karibu, na hizo ndizo tulizopimia mita moja kwa kamba. Lakini zipo laini mno, zinazoelea muda mrefu na kukijaza chumba. Hizo mita yako haizijui.

Namba itasaidia hapa. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 za hewa ukaa (kaboni dioksidi) katika kila sehemu milioni moja. Pumzi tunayoitoa ina kama 40,000. Kwa hiyo hewa ukaa ya darasani ni kama risiti: inakuonyesha ni kiasi gani cha hewa mnayovuta kimeshapita kwenye mapafu ya mtu mwingine. Darasa lililojaa na kufungwa hufika 2,000 bila taabu. Piga hesabu: katika kila pumzi 25 unazovuta, moja nzima ni ya kuazima. Fungua mpaka kipimo kishuke 800, na ya kuazima inakuwa moja katika 100. Watoto ni wale wale, madawati yale yale, na hakuna senti iliyotumika.

Mwaka 1974 shule moja ya msingi karibu na Rochester, jimbo la New York, ilitoa somo hilo kwa njia ya uchungu. Mtoto mmoja aliugua surua. Wenzake 28 wakaambukizwa, na walikuwa wametawanyika katika madarasa 14. Wengi wao hawakuwahi kukaa naye chumba kimoja. Kilichowaunganisha ni mitambo ya hewa ya jengo, iliyokuwa ikivuta hewa ya darasa moja na kuirudisha katika madarasa mengine.

Hapo ndipo dirisha bovu linapopata heshima yake. Kiyoyozi cha ukutani, kile ambacho shule za mjini hukitangaza kwenye mabango ya kutafuta wanafunzi, mara nyingi hakileti hewa mpya. Kinaivuta ya chumbani, kinaipoza, kinaitema humo humo. Na ili baridi isipotee, kila kitu hufungwa. Darasa la kijijini lenye dirisha la nondo lisilo na kioo, na matundu ya tofali chini ya mabati, linabadilisha hewa mchana kutwa bila kumuuliza mtu. Sisemi shule zisijengewe madirisha mazuri. Vumbi na mvua tunazijua. Ila msimu wa maradhi ya hewa ukifika, fundi wa vioo aje baadaye.

Kama hili linasikika kama maneno ya kujifariji kwa walalahoi, tazama Georgia, Marekani. Mwishoni mwa 2020 shule za msingi 169 zililinganishwa. Zilizoboresha upitaji wa hewa zilikuwa na maambukizi pungufu kwa asilimia 39 kuliko ambazo hazikufanya hivyo. Zilizofungua tu milango na madirisha au kutumia feni zilipunguza asilimia 35. Zilizoongeza na mashine za kuchuja hewa zilifika asilimia 48. Zile zilizowalazimisha walimu na wafanyakazi kuvaa barakoa zilikuwa na pungufu la asilimia 37. Ukiangalia vizuri, sehemu kubwa ya faida ilipatikana kabla mashine haijanunuliwa.

Wala si jambo jipya. Januari 1908, katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island, madaktari wawili wanawake, Ellen Stone na Mary Packard, walisimamia kufunguliwa kwa shule ya watoto waliokuwa hatarini kupata kifua kikuu. Ilikuwa katikati ya baridi kali, na madirisha yaliachwa wazi. Watoto waliingizwa kwenye mifuko mizito ya blanketi na kuwekewa mawe yaliyopashwa moto miguuni, wakasoma hivyo hivyo. Hawakuugua. Ndani ya miaka miwili shule za namna hiyo nchini humo zikafika 65. Wajerumani walikuwa wamewatangulia kwa shule ya msituni Charlottenburg, mwaka 1904. Kwa hiyo Wizara ya Elimu ya Kenya iliposema kwamba shule zisizo na nafasi zifundishe chini ya miti, na mitandaoni watu wakacheka, aliyekuwa na haki ya kucheka alikuwa mti.

Basi mwalimu mkuu afanye nini wiki moja kabla ya kufungua? Mimi ningeanza na kijiti cha udi. Kiwashe, simama katikati ya darasa mida ya saa nne asubuhi, utazame moshi. Ukipanda wima na kuzunguka juu ya kichwa chako, hewa imelala. Ukikimbilia dirisha la upande wa pili, darasa linapumua. Rudia kwenye kila kona, hasa ile ya nyuma ambako huwa wanasongamana, na kule kwenye kabati la vitabu lililosukumwa mbele ya dirisha mwaka ambao hakuna anayeukumbuka. Kabati hilo litolewe leo. Dirisha moja peke yake, hata likiwa kubwa, hushindwa na madogo mawili yanayotazamana, kwa sababu upepo unahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Feni ya darini hukoroga tu hewa iliyomo. Kama mna feni ya kusimama, igeuzeni itazame nje dirishani, iwe inatoa ya ndani. Mvua ikinyesha, fungeni upande unaopigwa na upepo, wa pili ubaki wazi.

Halafu kuna sauti. Mtu anapozungumza kwa nguvu hutoa chembe nyingi zaidi kuliko anapozungumza polepole, na shule zetu za msingi hufundisha kwa kuitikia. "Mbili mara mbili!" "Nneee!" Watoto 40 kwa pamoja, mapafu yote kazini. Sioni sababu ya kuliua jambo hilo zuri. Litoke tu nje: tebo, nyimbo na ngonjera zihamie uwanjani, na kuandika kubaki ndani.

Udogo wa shule nao ni mtaji, ingawa una masharti. Chukua shule ya watoto 60. Wakichangamana wote, idadi ya jozi zinazoweza kuambukizana ni 1,770. Wagawe katika vikundi vitano vya watoto 12 ambavyo havikutani, jozi zinabaki 330. Denmark, iliyokuwa ya kwanza Ulaya kuwarudisha watoto wadogo, tarehe 15 Aprili 2020, ilitumia ujanja huo: watoto kama 12 kwa kikundi, wanasoma pamoja, wanacheza pamoja, wanakula pamoja, na muda mwingi wako nje. Lakini kikundi kinachotenganishwa darasani kisha kikakutana na vingine kwenye foleni ya uji si kikundi. Hesabu yote ya asubuhi inamwagika pale jikoni. Ni afadhali mpishi apeleke sufuria kwa vikundi kuliko vikundi vimfuate mpishi. Na mstarini asubuhi, kama lazima uwepo, kila kikundi kisimame mahali pake na matangazo yawe mafupi. Hilo la mwisho, nakiri, ni ombi la watoto tangu enzi na enzi.

Kunawa mikono kusiachwe. Korona haikupitia sana mikononi, lakini kuhara na kipindupindu hupitia huko, na mtoto anayeumwa tumbo hasomi. Kibuyu chirizi kinatosha: dumu la lita tano lenye kitundu karibu na mfuniko, limening'inizwa kwenye mti mlalo, kamba imefungwa shingoni mwake na kushuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika. Ukiachia, linarudi. Hakuna anayeshika bomba. Sabuni itobolewe na kufungwa kwa uzi pale pale, la sivyo itahamia nyumbani kwa mtu.

Sasa nije kwenye kitu ambacho dirisha haliwezi. Mei 2021, katika kaunti ya Marin, California, kulikuwa na shule ndogo ya wanafunzi 205. Walifuata masharti yote: barakoa, madawati yaliyotenganishwa karibu mita mbili, milango na madirisha wazi, mashine ya kuchuja hewa mbele ya darasa. Mwalimu mmoja ambaye hakuwa amechanjwa akaanza kuzibwa pua na kuchoka. Akadhani ni mzio. Akafundisha siku mbili akiwa katika hali hiyo, na mara kwa mara alishusha barakoa ili awasomee watoto hadithi kwa sauti. Katika darasa lake la watoto 24, 12 waliambukizwa. Waliokaa mistari miwili ya mbele walikuwa 10, wakapata 8. Waliokaa mistari mitatu ya nyuma walikuwa 14, wakapata 4.

Chetezo kikiwa pua kwa pua na wewe, dirisha litafanya nini?

Kwa shule ndogo hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Mwalimu wa shule kubwa akiamka na mafua, anatuma ujumbe, mwenzake anashika kipindi. Shule yenye walimu wanne, mmoja akikosekana darasa zima linabaki bila mtu, na yeye analijua hilo anapofunga viatu huku akikohoa. Anakuja. Tunamsifu kwa moyo wake. Na akibaki nyumbani, tunaunganisha darasa lake na la jirani, watoto 12 wanakuwa 24 katika chumba kimoja, na vile vikundi tulivyovilinda mwezi mzima vinakwisha kabla ya mapumziko ya saa nne.

Kwa hiyo kabla ya ndoo na kipimajoto, jina la mtu wa akiba liwe limeandikwa ukutani ofisini: mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, au mzazi aliyemaliza kidato cha nne na anayeweza kusimamia zoezi la kuandika. Akikosekana kabisa, darasa lisilo na mwalimu liende chini ya mwembe na vitabu vyao, pale ambapo mwalimu wa darasa la karibu anaweza kuwaona kupitia dirisha lile lisilofunga.