Triphala na Triphala Guggulu: kilichomo ndani ya kidonge, kipimo chake na nani asiviguse

Katika maduka ya dawa za Kihindi ya Mombasa na Dar es Salaam, kopo la vidonge vya Triphala na kopo la Triphala Guggulu hukaa rafu moja, na wanunuzi wengi huvichukulia kuwa kitu kilekile chenye majina mawili. Kidonge cha kwanza ni unga wa matunda matatu. Cha pili, zaidi ya nusu yake ni utomvu wa mti, na utomvu huo umeshaonekana kupunguza nguvu ya dawa za moyo na presha mwilini. Kwa hiyo kabla ya kuuliza dawa hii inatibu nini, soma kwanza kilichomo na ni miligramu ngapi.

Triphala imeundwa na haritaki (Terminalia chebula), bibhitaki (Terminalia bellirica) na amalaki, maarufu kama amla (Phyllanthus emblica). Matunda hukaushwa, kokwa zikatolewa, kila moja likasagwa peke yake na kuchekechwa, kisha unga ukachanganywa kwa uzito sawa. Haritaki na bibhitaki ni jamii moja na mkungu unaotoa kivuli katika miji yetu ya mwambao. Yote matatu yana tanini nyingi, yaani kemikali za mimea zinazoleta ukakasi. Onja chembe ya unga wake na mdomo utakakamaa kama uliyeuma ndizi mbichi. Ukakasi huo ni kipimo kizuri cha mnunuzi. Unga usio na ukakasi, au wenye chembe ngumu zinazokwaruza meno, huenda umesagwa pamoja na kokwa ili kuongeza uzito.

Katika Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya Kihindi, Triphala hutumika kwa choo kigumu, gesi, tumbo kujaa na kukosa hamu ya kula, na pia huhesabiwa miongoni mwa dawa za kuupa mwili nguvu za kudumu. Utafiti uliofanywa kwa watu bado ni mdogo, lakini matumizi yake kwa choo kigumu yana historia ndefu na ndiyo yenye maana zaidi kwa msomaji wa kawaida. Madai ya kusafisha damu, kuyeyusha uvimbe wa kizazi au kuponya kisukari yapuuzwe, hata yakiwa yamechapishwa kwenye boksi.

Tatizo la kwanza ni hesabu. Kipimo cha jadi cha unga wa Triphala ni gramu 3 hadi 6 kwa siku. Kidonge cha miligramu 500 kikiwa ni unga mtupu, gramu 3 ni vidonge 6. Lebo ikikuelekeza umeze 2 kila usiku, unapata gramu 1 tu, theluthi ya kipimo cha chini, na ndiyo maana wengi husema dawa haifanyi kazi. Lebo nyingine huandika "extract", yaani kiini kilichokolezwa, pamoja na uwiano kama 4:1. Maana yake kilo 4 za matunda zimetoa kilo 1 ya kiini, hivyo kidonge cha miligramu 500 ni sawa na gramu 2 za matunda, na vidonge 2 ni gramu 4. Hapa ndipo watu huumia: aliyezoea vidonge 6 vya unga ananunua kopo la kiini, anameza 6 vilevile, na anajikuta na kipimo sawa na gramu 12. Usiku huo tumbo litasokota na kesho yake ataharisha. Lebo isiyosema kama ni unga au kiini haikupi njia ya kukokotoa kipimo; irudishe rafuni.

Uzito wa kidonge nao si wote dawa. Kidonge kinahitaji gundi, wanga, talki au magnesiamu stearati ili kishikane na kisinase kwenye mashine. Angalia miligramu za kila kiungo, usiangalie uzito wa kidonge kizima.

Mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine aanze na kidonge 1 cha unga, muda wa saa moja au mbili baada ya chakula cha usiku, kwa glasi kamili ya maji ya uvuguvugu. Akae hivyo siku 3. Kama choo bado kigumu aongeze kidonge kimoja, asubiri tena siku 3, na asipite kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye lebo. Lengo ni choo laini bila kusokotwa. Kikishafikiwa, hakuna faida ya kuongeza. Maji yasipungue mchana kutwa, kwa sababu tanini pamoja na ukavu wa mwili zinaweza kukifanya choo kiwe kigumu zaidi. Wiki 2 zikipita bila nafuu, au kukiwa na damu kwenye choo, kupungua uzito, ama kutapika huku tumbo limejaa, hapo panahitaji daktari. Na mwenye maumivu ya tumbo ambayo chanzo chake hakijulikani asimeze dawa yoyote ya kuendesha; kidole tumbo kikiwa kimevimba, dawa ya namna hiyo inaweza kuharakisha kupasuka kwake.

Tanini hushikana na madini ya chuma. Unga wa Triphala ukichemshwa kwenye sufuria ya chuma hugeuka mweusi tii, na jambo hilohilo hutokea tumboni ukimeza Triphala pamoja na vidonge vya kuongeza damu: chuma kinafungwa na hakifyonzwi vizuri. Tenganisha kwa muda usiopungua saa 2. Mjamzito anayepewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki kliniki asitegemee kutenganisha muda. Asitumie Triphala kabisa. Mabingwa wa Ayurveda wenyewe wamemkataza mjamzito haritaki tangu zamani, pamoja na mtu aliyedhoofu sana na aliyechoka kwa kufunga.

Kuna pia vidonge vinavyouzwa kwa jina la Triphala vikiwa vimeongezwa sanamaki. Kwenye lebo sanamaki huitwa Senna alexandrina, Cassia angustifolia, sonamukhi au swarnapatri. Sanamaki huchokoza utumbo mpana na huleta choo baada ya saa 6 hadi 12, kwa hiyo mteja huridhika haraka na kusema Triphala ya kampuni hii ni kali. Ukali huo si wa matunda. Sanamaki haifai kutumiwa mfululizo zaidi ya wiki moja au mbili, kwani kuharisha kwa muda mrefu huteremsha potasiamu, jambo la hatari hasa kwa anayetumia digoksini (dawa ya moyo) au dawa za kukojoza kama furosemidi.

Sasa Triphala Guggulu. Kanuni yake ya jadi ni sehemu 1 ya kila tunda kati ya yale matatu, sehemu 1 ya pippali (pilipili ndefu, ndugu wa pilipili manga) na sehemu 5 za guggulu. Jumla ni sehemu 9. Katika kidonge cha miligramu 500, guggulu ni kama miligramu 278, na kila tunda ni kama 56 tu. Anayekinunua kwa ajili ya choo kigumu amelipia utomvu. Jadi yenyewe haikukitengeneza kwa kazi hiyo peke yake: hutajwa kwa bawasiri, nasuri, na vidonda na uvimbe unaotunga usaha. Bawasiri ndogo inaweza kutulia kwa choo laini, lakini nasuri ni tundu linalohitaji daktari wa upasuaji, na kumeza vidonge miezi mingi huku usaha unatoka ni kuipa nafasi ichimbe zaidi.

Guggulu ni utomvu wa Commiphora wightii, kichaka cha maeneo makavu ya Rajasthan na Gujarat nchini India na Sindh nchini Pakistan, jamii ya miti inayotoa manemane huku Kenya kaskazini na Somalia. Ukigemwa huja na mchanga na magome, kwa hiyo hufungwa kwenye kitambaa na kuning'inizwa ndani ya maji ya Triphala yanayochemka, au ndani ya maziwa, mpaka uyeyuke na uchafu ubaki kitambaani. Kisha hukaushwa na kutwangwa kwenye kinu pamoja na unga wa matunda na samli kidogo. Hatua ya kuusafisha ikirukwa, mlaji hupata vipele na kichefuchefu. Mti huu uko katika hatari kubwa ya kutoweka porini kwa kugemwa kupita kiasi, na bei inapopanda, gundi za miti mingine huingia kwenye kopo.

Guggulu imetangazwa sana kama dawa ya kushusha kolesteroli. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2003 lilifuatilia watu wazima 103 wenye kolesteroli ya juu kwa wiki 8. Kolesteroli mbaya ya waliopewa guggulu ilipanda kidogo badala ya kushuka, na baadhi yao walipata vipele. Kwa kolesteroli, basi, hakuna sababu ya kuacha dawa uliyoandikiwa. Muhimu zaidi ni mgongano wa dawa: kwa watu wazima wenye afya, dozi moja ya guggulu ilipunguza kiasi cha propranolol na diltiazem, dawa za moyo na presha, kinachoingia kwenye damu. Maabara zimeonyesha pia kwamba huamsha vimeng'enya vya ini vinavyosaga dawa nyingi. Anayetumia ARV, vidonge vya uzazi wa mpango, warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), dawa za tezi ya shingo au za kifafa asianze Triphala Guggulu kabla ya kuzungumza na mfamasia. Pippali nayo ina piperini, inayoweza kupandisha kiwango cha dawa kama fenitoini, inayotumika kwa kifafa. Vitu viwili ndani ya kidonge kimoja, kimoja kinavuta chini na kingine kinasukuma juu. Matokeo kwa mgonjwa fulani hayatabiriki.

Jambo la kuogopwa kuliko yote halimo katika Triphala safi, ila limo katika majirani zake wa rafuni. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutiwa madini kwa makusudi. Neno "bhasma" kwenye lebo ni jivu la madini: naga bhasma ni risasi, tamra bhasma ni shaba, loha bhasma ni chuma. "Parada", "kajjali", "hingula" na "rasasindura" vyote vina zebaki. Yogaraj Guggulu ni ya mimea. Mahayogaraj Guggulu, yenye herufi nne tu zaidi, huongezwa bhasma kadhaa, ikiwemo ya risasi, pamoja na rasasindura. Arogyavardhini, inayopendekezwa kwa wenye ini bovu, ina zebaki na shaba katika kanuni yake ya jadi. Watafiti walionunua bidhaa 70 za Ayurveda katika maduka ya Boston waliripoti mwaka 2004 kuwa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2012 idara ya afya ya jiji la New York iliripoti wajawazito 6 waliopata sumu ya risasi kutokana na dawa hizi. Dalili za risasi mwilini ni tumbo kusokota, upungufu wa damu na, kwa bahati mbaya, kufunga choo, kwa hiyo mgonjwa huongeza dozi ya kitu kinachomuumiza.

Kwa dawa za mimea mitupu, India imeweka ukomo wa miligramu 10 za risasi kwa kilo, aseniki 3, zebaki 1 na kadimiamu 0.3. Muuzaji wa jumla anayejiheshimu ana cheti cha maabara cha toleo husika. Namba ya toleo kwenye cheti ilingane na ya kopo. Tanzania, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa sheria ya mwaka 2002. Kenya, swali la usajili hupelekwa Bodi ya Famasia na Sumu.

Nyumbani, vidonge vya matunda hufyonza unyevu. Kopo likikaa jikoni au bafuni vidonge hulainika, huota madoa na kunuka uvundo. Vitupwe vyote, kwani kuvianika hakuondoi sumu ya ukungu. Vya guggulu hugandana kwa joto, na vilivyozeeka huwa vigumu kiasi cha kutoka tumboni vizima. Vidonge vya Triphala usivisage ili kuosha macho, ingawa maji ya Triphala hutajwa katika tiba ya macho ya jadi: talki na wanga vya kidonge hukwaruza jicho, na maji ya kuchemsha nyumbani yaliyolala hubeba vijidudu.

Mkojo ukiwa wa rangi ya chai nzito, macho yakawa manjano au mwili ukawasha bila vipele, acha vidonge siku hiyohiyo na uende hospitali na kopo lenyewe, si picha ya kifuniko. Anayesubiri upasuaji aviache wiki 2 kabla, na daktari wa usingizi aambiwe hata kama vimeshaachwa.