Kocha wa afya anafanya nini, na mipaka yake iko wapi

Ukiwa Nairobi na simu yenye bando, haipiti siku bila kukutana na mtu anayejitangaza kuwa kocha wa afya. Mmoja anauza chai ya kukata tumbo, mwingine ana kundi la WhatsApp la kufunga kula, wa tatu anakuandikia ratiba ya mazoezi kabla hajajua kama goti lako linauma. Sisi tunaofundisha kazi hii huulizwa kama hao ni wenzetu. Wachache ni wenzetu. Waliobaki ni wachuuzi. Utawatambua mapema, kwa sababu kocha aliyefundishwa huongea kidogo.

Nchini Marekani, ambako taaluma hii ilipata mtihani wake wa kitaifa mwaka wa 2017, anayetaka kuufanya huonyesha kumbukumbu za vikao 50 alivyoendesha, kila kimoja kisipungue dakika 20. Angalau asilimia 75 ya muda wa kikao iwe ni kumsaidia mteja afikiri na apange mwenyewe. Kufundisha na kutoa maelezo kunabanwa kwenye robo iliyobaki. Wauguzi na walimu wanaokuja darasani kwetu hupata shida hapo kuliko penginepo. Wamezoea kueleza. Wakimwona mtu anakosea, ulimi unawawasha.

Ubahili huo wa maneno una sababu. Mwaka wa 1983 mwanasaikolojia William R. Miller alichapisha makala kuhusu namna ya kuzungumza na watu wenye tatizo la pombe, kisha akaiendeleza mbinu hiyo pamoja na Stephen Rollnick. Mtu anayesitasita kubadilika tayari ana hoja za pande zote mbili moyoni. Ukimshindilia hoja za kubadilika, unamwachia kazi moja tu, kuutetea upande wa pili. Na kadiri anavyoutetea ndivyo anavyouamini.

Chukua mfano wa mama anayeuza mitumba katika soko la Gikomba. (Nimeuchanganya kutoka kwa wateja kadhaa, asije mtu akajitafuta humu.) Presha yake ilipimwa 152/94, kliniki ikamwanzishia tembe, akaambiwa apunguze chumvi na atembee. Anaketi mbele ya kocha na kumwita daktari.

"Mimi si daktari, mama. Mambo ya dawa ni ya kliniki. Mimi nitakusaidia na yale uliyoambiwa ukafanye nyumbani. Leo ungependa tuanze na lipi?"

"Kutembea. Ya chumvi tuwache kwanza, mzee wa nyumba atanisumbua."

Kocha anakubali, ingawa yeye angeanza na chumvi. Anauliza: kutoka sufuri hadi kumi, kutembea kuna umuhimu gani kwako? Mama anasema sita. Hapa wanafunzi wetu wengi huteleza, wanauliza kwa nini si kumi, na mteja anawamwagia visingizio vyote alivyo navyo. Swali linalofaa ni kwa nini sita, na si tatu. Mama anafikiri kidogo.

"Miguu inavimba jioni. Halafu dadangu alipata stroke akiwa na umri kama wangu."

Kocha ananyamaza sekunde chache. Hilo hajalisema yeye, na likisemwa na mama mwenyewe lina uzito ambao hotuba ya mtu mwingine haina.

Sasa mpango. Kocha alidhani mama angetembea asubuhi mtaani kwake Umoja, lakini mama hutoka nyumbani saa kumi alfajiri kuwahi kamera, zile nguo bora, beli zikifunguliwa. Jioni anabeba mzigo. Ni yeye aliyekumbuka kwamba saa nane mchana wateja hupungua na jirani anaweza kuangalia kibanda. Atatembea hadi kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus na kurudi, dakika kumi na tano hivi, siku tatu kwa wiki. Jumamosi hawezi. Mvua ikinyesha? "Gikomba ikinyesha ni matope, nitazunguka humu ndani ya soko." Ana uhakika kiasi gani kwamba ataweza? Nane. Angesema tano, kocha angeomba mpango upunguzwe hadi ufike saba au zaidi, maana mpango mdogo unaotimizwa humfanya mtu arudi.

Kila mara darasani huinuka mkono: Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki, na huyu ana 45. Ni kweli. Wiki iliyopita alikuwa na sufuri.

Je, njia hii inaleta matokeo? Utafiti ninaoupenda ni wa Marekani, uliotangazwa mwaka wa 2002, wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliowekwa kwenye kundi la kubadili maisha walipewa kila mmoja kocha wake, masomo 16, na malengo mawili: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufikisha dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Ikilinganishwa na waliopewa tembe zisizo na dawa, waliopata kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58. Kwa waliotumia metformin, dawa ya kisukari, upungufu ulikuwa asilimia 31. Sifa zote haziendi kwa kocha, masomo yalikuwepo pia, lakini hakuwa pambo.

Kuhusu mipaka sina mzaha. Kocha hatambui ugonjwa wala hagusi dozi. Kumpangia mgonjwa wa figo chakula ni kazi ya mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka wa 2007. Jeraha la moyo au mawazo ya kujiua yana washauri nasaha na wanasaikolojia, ambao sheria yao ni ya mwaka wa 2014. Tuseme yule mama anafichua kwamba siku za soko huruka tembe kwa sababu zinampeleka chooni kila saa na choo cha soko kiko mbali. Kocha hamwambii endelea wala acha. Anamsaidia kutunga swali atakalolipeleka kliniki: je, naweza kuinywa saa nyingine? Na presha ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au udhaifu wa upande mmoja, kikao kinaishia hapo, ni hospitali moja kwa moja.

Taarifa za afya yako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kocha anayerusha picha zako za kabla na baada kwenye mtandao bila ruhusa yako anavunja sheria, hata kama umepungua vizuri.

Kabla ya kulipa, muulize amesomea wapi, nani alimkagua akiendesha vikao, humpeleka kwa nani mteja aliyemzidi uwezo, na anauza nini zaidi ya muda wake. Akitaja poda, ondoka.

Kwa maoni yangu ujuzi huu ungefaa zaidi mikononi mwa wahudumu wa afya ya jamii, wale ambao tangu 2023 serikali imewapa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Wao huingia nyumbani, na wanamkuta hata yule mzee anayetaka chumvi.