Je, wajua kwa nini mbwa mwenye shida ya moyo hukohoa?

Mbwa wangu, Chui, ana miaka 11, uzito wa kilo 8, na jina lisilomfaa hata kidogo. Alipoanza kukohoa, kilikuwa kikohozi kikavu cha usiku, kinachoishia kwa sauti ya kutaka kutapika, kisha hatapiki kitu. Jirani yangu, Baba Akinyi, hakusita: "Huyo amekwamwa na mfupa wa samaki, mbuta." Mimi nililaumu vumbi la mtaa wetu, Manyatta. Hivyo tukakaa wiki tatu tukimpa asali na maji ya tangawizi.

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, katika kliniki moja ya mifugo hapa Kisumu, daktari alimsikiliza kwanza kabla ya kutoa sindano. Aliweka stethoskopu nyuma ya kiwiko cha kushoto, akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaniambia, "Njoo usikie mwenyewe." Nilitarajia du-dup, du-dup. Nikasikia shwaa, shwaa, kama maji yanayotoka kwenye mpira uliotoboka.

Kikohozi ni cha kifua, nilijua hivyo tangu utotoni. Moyo umeingiaje hapo?

Moyo wa mbwa, kama wetu, una vyumba 4: viwili juu, viwili chini. Damu iliyotoka mapafuni huingia chumba cha juu cha kushoto, ikashuka hadi cha chini, na hicho ndicho huisukuma mwilini. Kati ya vyumba hivyo viwili kuna vali, mlango unaofunguka upande mmoja tu. Mbwa wadogo wakizeeka, kingo za mlango huo hunenepa na kuota vinundu, zikawa hazikutani sawasawa. Moyo ukikaza, sehemu ya damu hurudi ilikotoka. Mvumo ule nilioambiwa nisikilize ni damu inayorudi kinyume. Madaktari huupa daraja, 1 hadi 6; wa 6 husikika hata stethoskopu ikiinuliwa kidogo kutoka kifuani. Wa Chui ulikuwa wa 4.

Sasa tazama mahali chumba hicho cha juu kilipo. Kiko chini tu ya pale bomba la hewa linapogawanyika matawi mawili, moja kwa kila pafu. Kikipokea damu mpya pamoja na ile iliyorudi, hutanuka, na kwa kuwa kifua hakina nafasi ya ziada, hulisukuma tawi la kushoto kwa juu. Tawi likiwa limelegea kwa uzee, hubanwa kwa urahisi zaidi. Mwili huhisi kuna kitu kinachopaswa kutolewa, basi mbwa anakohoa. Baba Akinyi hakukosea sana: kweli kulikuwa na kitu kinachobana, ila si mfupa.

Ugonjwa ukizidi, damu hurundikana nyuma, mapafuni, na maji yakavuja kuingia kwenye vifuko vya hewa. Hapo mbwa huhema mbiombio hata amelala. Hiyo si ya kungoja kesho.

Lakini kikohozi peke yake hakithibitishi kitu, ndiyo maana Chui alipigwa eksirei na ultrasaundi. Alipimwa damu pia, maana mbu, na sisi wa kando ya ziwa tunao wa kutosha, wanaweza kumwambukiza mbwa minyoo ya moyo. Jike la mnyoo huo hufikia sentimita 30 hivi, na hukaa upande wa kulia wa moyo na katika mishipa inayokwenda mapafuni. Chui hakuwa nayo. Picha zilionyesha moyo umetanuka, lakini mapafu hayana maji.

Mlango ukiharibika hivyo, dawa hazirudishi ulivyokuwa. Alipewa pimobendani, inayousaidia moyo kukaza kwa nguvu na kulegeza mishipa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mbwa wa aina yake, waliotanuka moyo bila kuwa na dalili za moyo kushindwa kazi, waliitumia na kuchelewesha hatua hiyo ya kushindwa kwa takriban miezi 15. Maji yakija mapafuni, kuna dawa ya kukojoza. Dawa ya kikohozi ya binadamu nilikatazwa kabisa: nyingine zina vitu vinavyokimbiza moyo, au parasetamoli, ambayo ni sumu kwa mbwa ikizidi.

Kazi yangu ni kuhesabu. Mbwa akilala fofofo, kifua kikipanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa nusu dakika, zidisha kwa 2. Ikizidi 30 mara kwa mara, piga simu. Usiku wa kwanza nilipata 22. Nikisafiri, anayehesabu ni Baba Akinyi, ambaye hadi leo hajakubali kwamba hakukuwa na mfupa.