Masikio ni mazima, kwa nini haitiki?

Mtoto mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na hisia) anaitwa mara tatu, hageuki. Akipimwa, masikio yanaonekana mazima, basi anaitwa mkaidi. Hilo ni kosa. Kipimo kile ni muhimu na kifanywe kwanza, lakini hupiga mlio mmoja mmoja ndani ya chumba kimya. Hakionyeshi kama ubongo unaweza kuichambua sauti ya mwalimu katikati ya feni, viti vinavyoburutwa na mvua juu ya mabati.

Mtaalamu wa tiba kazi (anayemsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku) hatibu masikio. Huchunguza ni wapi na wakati gani maneno yanapotea, kisha hubadilisha mazingira na namna ya kusema. Zima redio. Sogea hadi kama mita 1, mahali anapoweza kukuona (usimlazimishe akutazame machoni). Taja jina lake, toa agizo moja fupi, onyesha picha au kitu chenyewe, halafu nyamaza kwa sekunde 10 hivi. Wengi huharibu hapo: hawajafika hata sekunde ya nne, wanarudia kwa maneno mengine na kwa sauti kubwa zaidi, naye analazimika kuanza upya.

Vizuia kelele vya masikioni vinafaa sokoni au harusini. Kuvivaa kutwa kunaweza kumfanya azidi kusumbuliwa na sauti za kawaida, tena vinaziba hata sauti ya mwalimu. Darasani, kiti cha mbele, mbali na dirisha, na vipande vya mpira chini ya miguu ya viti husaidia zaidi. Muziki maalumu wa "kuzoeza masikio", unaouzwa ghali, ushahidi wake ni dhaifu.