Je, ni haki kumuuliza mwanasiasa kama kweli anaamini?

Msimu wa kampeni ukifika, Ijumaa utamkuta mgombea safu ya kwanza msikitini, kavaa balaghashia mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Jumapili yuko benchi la mbele kanisani. Ubeti wa kwanza wa wimbo anaumudu, wa pili midomo inacheza lakini sauti haitoki. Nyuma yake kuna mtu atamnong'oneza jirani: "Huyu naye kaanza lini?"

Mnong'ono huo ndio swali letu. Mtu akisema yeye ni mcha Mungu, na kwa maneno hayo anaomba kura yako, una haki ya kumwuliza kama ni kweli? Wengi watajibu haraka kwamba imani ni siri ya mja na Mola wake. Sawa, lakini aliyeitoa siri hiyo moyoni na kuipandisha jukwaani si wewe.

Waingereza walijaribu kulimaliza jambo hili kwa sheria. Mwaka 1673 Bunge lao liliamua kwamba kila anayeshika cheo cha serikali, awe wa ofisini au wa jeshini, lazima ashiriki meza ya Bwana katika Kanisa la Anglikana, kisha alete cheti kilichotiwa saini na mchungaji na mzee wa kanisa kuthibitisha kwamba kweli alikula mkate na kunywa divai. Juu ya hapo alitakiwa kuyakana kwa maandishi mafundisho ya Kikatoliki kwamba mkate na divai hugeuka kuwa mwili na damu. Walengwa walikuwa Wakatoliki. Hebu fikiria cheti hicho: sakramenti imefanywa kama risiti ya kulipia leseni ya biashara.

Nani alinaswa? Wa kwanza wa kutajwa ni ndugu wa mfalme mwenyewe, James, aliyekuwa mkuu wa jeshi la majini. Alikuwa amekwisha kuwa Mkatoliki kimyakimya. Angeweza kwenda kanisani asubuhi moja, akameza mkate, akachukua cheti na kurudi kwenye meli zake. Hakuweza. Mwaka huohuo aliacha cheo, na nchi nzima ikajua dini yake.

Waliopita walikuwa wengine. Palikuwa na Waprotestanti wasiokubaliana na Kanisa la Anglikana, wenye nyumba zao za ibada. Baadhi yao waligundua kwamba ukishiriki mara moja tu kwa mwaka unapata cheti chako, kisha unarudi kusali kwenu. Mwaka 1697 meya wa London, Sir Humphrey Edwin, alikwenda Anglikana asubuhi na kwenye ibada ya wenzake mchana, siku hiyohiyo, akiwa na joho na alama zote za umeya. Kelele zilizofuata hazikuwa ndogo. Mwaka 1711 Bunge likatunga sheria nyingine ya kuwabana hawa wa mara moja kwa mwaka, na haikudumu hata miaka 10. Ile ya 1673 ilifutwa mwaka 1828.

Mimi naona jibu la swali letu limelala humohumo. Kipimo cha imani humnasa mkweli na kumpitisha mnafiki. Mnafiki hana shida na mtihani wa dini kwa sababu kazi yake ni kuigiza, na mtihani wenyewe ni wa maigizo. Anayeshindwa ni yule ambaye neno analolitamka lina uzito kwake.

Ukidhani hiyo ni ajali ya karne moja, mtazame Charles Bradlaugh. Watu wa Northampton, Uingereza, walimchagua kuwa mbunge mwaka 1880. Hakuamini kuwa kuna Mungu na hakuficha. Alipofika bungeni aliomba athibitishe utii wake bila kumtaja Mungu, wakakataa. Akasema basi nitaapa kama wengine. Wakakataa tena, eti tunajua maneno hayo kwako hayana maana. Wakamlaza usiku mmoja kwenye mnara wa saa wa Bunge. Wapiga kura wake wakamrudisha, akatolewa. Wakamrudisha tena, na tena, hadi Januari 1886 spika mpya alipomwacha aape na kukaa. Miaka miwili baadaye ikapita sheria inayomruhusu yeyote kuthibitisha badala ya kuapa. Hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakupa nafasi hiyo: unaapa, au unathibitisha kwa dhati. Ubaya wa Bradlaugh machoni pa Bunge lile ulikuwa kusema wazi. Angekaa kimya angeapa siku ya kwanza na kwenda kunywa chai.

Wamarekani waliiona hatari hii mapema. Ibara ya 6 ya Katiba yao, iliyoandikwa mwaka 1787, inasema hakuna kipimo cha dini kitakachotakiwa kwa cheo chochote cha serikali kuu. Lakini ibara hiyo inaifunga mikono serikali, haimfungi mdomo mpiga kura. Mwaka 1928 Al Smith, Mkatoliki, aligombea urais akashindwa vibaya, na dini yake ilikuwa mojawapo ya mambo aliyopigwa nayo. Mwaka 1960 akaja Mkatoliki mwingine, John F. Kennedy. Tarehe 12 Septemba alikwenda Houston, Texas, akasimama mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti, wengi wakiwa na hofu kwamba Ikulu ya Marekani itapokea amri kutoka Roma.

Wale wachungaji hawakumtaka athibitishe kama anasali rozari kila siku. Walitaka kujua kama atafuata maagizo ya maaskofu, na kama hazina ya serikali itafadhili shule za kanisa. Kennedy aliwajibu kwamba yeye si mgombea wa Wakatoliki, ni mgombea wa chama cha Democratic ambaye pia ni Mkatoliki. Akaongeza kwamba ikitokea siku cheo kikamtaka avunje dhamiri yake au maslahi ya taifa, atajiuzulu. Ukikubaliana naye au usikubaliane, hilo ni jibu unaloweza kumshikia baadaye, akiwa ofisini. "Unampenda Yesu kiasi gani?" lingezaa jibu gani la kumshikia?

Sasa tumtazame mjukuu wa Kogelo, kijiji cha Kenya. Babu yake Barack Obama, Hussein Onyango, alisilimu, na jina lake ndilo lililomfuata mjukuu hadi kwenye kampeni za Marekani: Barack Hussein Obama. Mwenyewe alikuwa Mkristo, na kwa miaka mingi alisali katika kanisa la Trinity mjini Chicago. Mwaka 2008 alishambuliwa kwa mahubiri makali ya mchungaji wa kanisa hilo, Jeremiah Wright, na papo hapo akashambuliwa kuwa ni Mwislamu wa siri. Mtu mmoja anaandamwa kwa kanisa lake na kwa msikiti asioujua, kwenye kampeni ileile! Agosti 2010, akiwa tayari rais, utafiti wa kituo cha Pew ulikuta Wamarekani 18 katika kila 100 wakisema ni Mwislamu, na 43 hawajui dini yake.

Jenerali Colin Powell, wa chama cha Republican na waziri wa zamani wa mambo ya nje, ndiye aliyeligeuza jambo hili upande wake sahihi, kwenye televisheni mwezi Oktoba 2008. Alisema jibu la kawaida ni kwamba Obama si Mwislamu, ni Mkristo. Lakini jibu lililo sahihi zaidi, akasema, ni kuuliza: na kama angekuwa Mwislamu, kuna ubaya gani? Hapo unaona maswali mengi kuhusu imani ya mwanasiasa hayahusu Mungu hata kidogo. Anayeuliza anataka kujua: huyu ni wa kwetu au si wa kwetu?

Miaka minane baadaye upepo ukageuka kwa namna ya kuchekesha. Februari 2016, Papa Francis akiwa ndegeni kutoka Mexico, aliulizwa kuhusu Donald Trump, aliyekuwa akiwania urais wa Marekani, na ukuta aliotaka kuujenga mpakani na Mexico. Akasema mtu anayefikiria kujenga kuta tu, popote pale, badala ya madaraja, si Mkristo. Trump akajibu kwamba kiongozi wa dini kuhoji imani ya mtu ni aibu. Ni Trump huyohuyo ambaye mwaka 2011 alidai cheti cha kuzaliwa cha Obama na kusema labda ndani yake kimeandikwa kuwa ni Mwislamu.

Vitabu vyenyewe vya dini vinasemaje? Katika Injili ya Mathayo, sura ya 7, mstari wa kwanza unasema msihukumu, msije mkahukumiwa. Shuka hadi mstari wa 16, sura hiyohiyo: mtawatambua kwa matunda yao. Wahubiri wa kampeni hupenda kusoma mmoja na kuruka mwingine, kutegemea mgombea ni wa nani.

Upande wa Waislamu kuna habari inayosimuliwa sana ya Usama bin Zaid, sahaba kijana. Vitani alimshinda mtu, yule mtu akatamka shahada, Usama akamuua hata hivyo. Alipomweleza Mtume kwamba mtu yule alisema kwa kuogopa silaha tu, Mtume akamwuliza: mbona hukuupasua moyo wake ukajua kama alisema kwa dhati au la? Akalirudia neno hilo mpaka Usama akatamani angekuwa amesilimu siku ile tu.

Na gharama ya kusahau neno hilo ilionekana mapema. Baada ya vita vya Siffin, mwaka 657, kundi lililoitwa Khawarij lilijitenga na Khalifa Ali, likisema hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake na aliyekubali usuluhishi wa wanadamu amekufuru. Ali aliwajibu kwa maneno ambayo hadi leo yananukuliwa: ni neno la haki linalokusudiwa batili. Mwaka 661 mmoja wao alimpiga Ali upanga msikitini, katika mji wa Kufa, Iraq, naye Ali akafa. Huyo aliyehukumiwa kuwa si muumini wa kutosha alikuwa mkwewe Mtume, miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kusilimu. Kama yeye alifelishwa mtihani huo, sijui ni mbunge gani ataupita.

Ibadhi, ambao ni madhehebu ya Oman na ya masultani wa Zanzibar, hukataa kuhesabiwa pamoja na Khawarij, na sababu yao inaingia moja kwa moja kwenye mada hii. Kwao Mwislamu anayetenda dhambi kubwa amekufuru neema ya Mungu, lakini hajawa mshirikina. Bado ni mtu wa kibla. Mtawala dhalimu anaweza kuondolewa kwa udhalimu wake bila mtu kudai kwamba ameusoma moyo wake. Na Zanzibar masultani hao walitawala raia ambao wengi wao walikuwa Sunni wa madhehebu ya Shafi, kukiwa na makadhi wa pande zote mbili.

Tanzania ilichagua njia ya kutouliza. Sensa ya mwisho kuhesabu watu kwa dini zao ilikuwa ya mwaka 1967. Katiba inakataza chama cha siasa kinachojengwa juu ya dini, kama inavyofanya ya Kenya. Mwaka 1995, chama tawala, CCM, kilipokuwa kinatafuta mgombea urais, Mwalimu Nyerere aliutaja udini miongoni mwa nyufa za nyumba ya taifa. Lakini vijiweni watu wanahesabu vidole: Nyerere Mkristo, Mwinyi Mwislamu, Mkapa Mkristo, Kikwete Mwislamu, Magufuli Mkristo, Samia Mwislamu. Hakuna sheria inayotaka iwe hivyo, na zamu ya mwisho ililetwa na kifo, si na kikao. Hata hivyo, kaa kwenye kahawa karibu na uchaguzi usikie kama hawatasema "safari hii ni zamu ya nani".

Kuna hoja moja naikubali kwa shingo upande: anayedanganya kuhusu Mungu, kwa nini asidanganye kuhusu bajeti? Basi tuupime uongo unaopimika. Mgombea akisema alisoma seminari fulani, seminari ina daftari. Akisema ni mzee wa kanisa, kanisa linawajua wazee wake. Akisema alipiga kura dhidi ya muswada kwa sababu ya dini yake, mwulize wale wasio wa dini hiyo wafanyeje, na kwa nini dini hiyo haikumsumbua alipopitisha muswada mwingine. Hayo yote unaweza kuuliza bila kupasua moyo wa mtu.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ulitokea Nairobi. Novemba 2024 Rais William Ruto alisali katika kanisa Katoliki la Soweto, akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na baraza la utume la parokia, na milioni 2 za nyumba ya mapadri. Akaahidi milioni 3 nyingine, pamoja na basi la kusafiria la parokia. Siku iliyofuata Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alitoa taarifa: pesa zirudishwe, ahadi haipokelewi, basi halipokelewi, kanisa lisitumike kujinadi kisiasa, na michango ifuate taratibu za sheria. Kwamba rais aliposali Jumapili ile alimaanisha au hakumaanisha, hilo askofu hakuligusa.