Kukohoa kwa Nguvu Hakusafishi Kifua

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Dawa za TB nimemaliza miezi sita yote, makohozi yamepimwa, wamesema hamna kitu. Sasa hiki ni nini?" Akanifunulia kopo lenye mfuniko. Tangu alfajiri makohozi yalikuwa yamefika robo. Pale barazani kwenye kahawa, aliniambia, wenzake wameshaanza kusogea wakimwona.

Hicho, mara nyingi, ni kovu. Kifua kikuu kinaweza kupona kikaacha mirija ya hewa imetanuka na kulegea; ndiyo bronkiektasisi utakayoisikia kwa madaktari. Mrija wenye afya una vinyweleo vidogo mno vinavyofagia ute kuelekea kooni usiku na mchana, wewe huna habari. Vikiharibika, ute unatuama, bakteria wanazaliana humo, na kuta za mrija zinazidi kuliwa. Kazi yangu, fiziotherapia ya kifua, ni kumfundisha mgonjwa ajifagilie mwenyewe.

Wengi hudhani kufagia ni kukohoa mpaka mishipa ya shingo isimame. Mrija uliolegea ukibanwa kwa nguvu kiasi hicho unajifunga, makohozi yanabaki ndani. Tazama chupa ya tomato ya muuza chipsi: ukiiminya ikiwa wima, inatoka hewa tupu. Yeye anaigeuza kwanza, tomato ishuke mdomoni, hewa ikae nyuma yake, ndipo aminye.

Hewa inafikaje nyuma ya makohozi? Nilimketisha mzee, mabega yameshuka, mkono tumboni, apumue taratibu tu. Kisha avute pumzi ndefu tatu au nne kwa pua, kila moja aishikilie kwa hesabu ya tatu. Hapo ndipo penye siri: vifuko vya hewa vina vitundu vya kupitishiana hewa, kwa hiyo ikipewa muda inapenya uchochoroni na kutokea upande wa pili wa uchafu. Anatulia tena, halafu inakuja haaa.

"Fungua mdomo, koo wazi, kama unatia mvuke kwenye miwani kabla ya kuifuta." Mara ya kwanza alipuliza kama anawasha jiko la mkaa. Nikamvulia miwani yangu. Mara ya tatu vioo vikaingia ukungu.

Haaa ndefu baada ya pumzi ya wastani husogeza makohozi ya mirija midogo. Haaa fupi ya nguvu baada ya pumzi kubwa huyatoa yaliyokwishafika juu. Yakianza kukoroma karibu na koo, kohoa mara moja au mbili, tema, tulia, rudia. Dakika 10 hadi 20, mara 2 kwa siku, tumbo likiwa halijashiba. Mwenye salbutamoli, dawa ya kuvuta inayofungua mirija, aivute kwanza.

Zamani nilikuwa nawalaza wagonjwa kichwa chini, nikiwapigapiga mgongoni. Mama mmoja alinitapikia viatu, na haki yake. Siku hizi wengi nawalaza ubavu tu, na hii ya haaa, iliyonolewa na wenzetu wa hospitali ya Brompton kule London miaka ya 1970, haidai mtu wa kukupiga wala senti tano.

Wengine nawaongezea chupa: ya plastiki, lita 1.5, maji ya kina cha kama sentimita 10, na mrija mpana wa plastiki uliozama hadi chini. Unapuliza polepole mapovu yatoke. Uzito wa maji unaisaidia mirija ya kifua isijifunge. Mdomo wa chupa uache wazi, maji ubadilishe kila siku, na usiyavute kamwe. Ila usijianzie bila kupimwa. Damu ikitoka, au kifua kikichoma ghafla na pumzi kukata, acha vyote uende hospitali.

Mzee alirudi baada ya wiki mbili na lalamiko moja: wajukuu wanagombea chupa yake, wanapenda mapovu. Nikamwambia mrija ni wake peke yake, wao awatengenezee ya kwao.