Lulu za Broome si feki, na Desemba si wakati wake

Kazi yangu ni kupanga safari za Australia nikiwa hapa Kampala, na wateja wanaochagua Broome, mji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya nchi hiyo, huja na swali lilelile: "Lulu za kule si za kufugwa? Kwa hiyo ni feki!"

Feki ni ile ya kioo au plastiki iliyopakwa rangi. Ya kufugwa hutengenezwa na chaza mwenyewe. Fundi humfungua kidogo, akampachika kiini cha duara kilichochongwa kwenye ganda la kome, pamoja na kipande cha nyama ya chaza mwingine, kisha akamrudisha baharini. Kwa takriban miaka miwili chaza hukifunika kiini hicho, tabaka juu ya tabaka. Ng'ombe akipandishwa kwa sindano, ndama wake utamwita feki?

Tena wapo wanaosisitiza "zile za zamani, za wazamiaji". Jamani, Broome haikujengwa kwa lulu! Ilijengwa kwa ganda. Chaza wa kule, Pinctada maxima, ana ganda pana kama sahani, na lilisafirishwa kwenda kutengenezwa vifungo vya mashati. Lulu ilikuwa bahati ya mtu. Waaborijini, wenyeji wa asili, walilazimishwa kuzamia, baadaye wakaja Wajapani, Wamalei na wengine. Kwenye makaburi ya Wajapani wamezikwa watu zaidi ya 900, wengi wao wazamiaji waliouawa na vimbunga au kwa kupanda juu haraka mno kutoka kilindini. Vifungo vya plastiki vikaua soko la ganda, na shamba la kwanza la lulu likaanzishwa Kuri Bay, kaskazini ya hapo, mwaka 1956. Lulu utakazoziona madukani leo ni za kufugwa. Nunua yenye cheti, uache ubishi.

Desemba? Simpeleki mtu. Huo ni msimu wa mvua: joto kali, vimbunga, na konyeza wenye sumu ya kuua kwenye maji ya Cable Beach. Kiangazi chao ni Mei hadi Oktoba. Likizo ya shule ya mwishoni mwa Agosti inatosha kabisa.

Nyayo za dinosaria za Gantheaume Point, rasi ya hapohapo Broome, nazo hazionekani saa yoyote unayotaka. Bahari ya pale hupanda na kushuka hadi karibu mita 10, na nyayo hutokea maji yakipwa sana. Mtu wa Entebbe, aliyezoea ziwa lisilopwa wala kujaa, huiona ratiba ya maji kama urembo. Isome kabla ya kulipia hoteli.

Perth, jiji kubwa la magharibi mwa Australia, na Broome si majirani: kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,000. Panda ndege.

Cheti cha homa ya manjano Australia nao wanakitaka kwa anayetoka Uganda. Na nsenene za shangazi, wale panzi wa kuliwa, ziandike kwenye fomu ya uwanja wa ndege. Ukizificha, faini ni yako, si ya ofisi yangu.